Kuziba kwa mirija ya machozi baada ya matibabu ya saratani

Kuziba kwa mirija ya machozi baada ya matibabu ya saratani ni hali ambayo njia ndogo zinazopitisha machozi kutoka jichoni kwenda puani hupungua upana au hufungika kabisa kutokana na dawa za saratani, mionzi au upasuaji. Mgonjwa hutokwa na machozi muda wote bila kulia, na mara nyingi macho yake huwasha, huwa mekundu na huuma.

Hali hii haihatarishi maisha kama saratani yenyewe, lakini huweza kumzuia mtu kusoma, kutembea kwa usalama na kufanya kazi. Ikigunduliwa mapema, kwa kawaida hutibika kwa njia rahisi. Ikiachwa mpaka mirija ifungike kabisa, huhitaji upasuaji mgumu ambao haupatikani katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki. Kwa sababu hiyo wakazi wa maeneo yaliyo mbali na madaktari bingwa, kama kisiwa cha Pemba nchini Tanzania, wana sababu kubwa zaidi ya kuzijua dalili zake za mwanzo.

Njia ya machozi

Machozi hutengenezwa hasa na tezi ya machozi iliyo juu ya jicho, upande wa nje, chini ya mfupa wa paji la uso. Tezi nyingine ndogo zilizo kwenye kope hutoa mafuta na ute. Hivyo machozi si maji matupu: yana mafuta yanayozuia maji yasikauke haraka, maji yenyewe, na ute unaoyashikisha kwenye uso wa jicho.

Kila mtu anapopepesa, machozi husambazwa juu ya jicho kisha husukumwa kuelekea kwenye kona ya ndani, karibu na pua. Hapo kuna vitundu viwili vidogo, kimoja kwenye kope ya juu na kingine kwenye kope ya chini. Kitundu cha chini kinaweza kuonekana kwa kioo kama nukta ndogo mtu akiivuta kope yake kidogo. Kutoka kwenye vitundu hivyo machozi hupita katika vijirija vyembamba vyenye urefu wa takriban milimita 10, huingia kwenye kifuko cha machozi kilicho kando ya pua, kisha hushuka kwa mrija mkuu hadi ndani ya pua. Ndiyo maana mtu anayelia hutokwa na kamasi, na mtu aliyetiwa dawa ya matone jichoni huweza kuhisi ladha yake kooni.

Kuziba kunaweza kutokea mahali popote katika njia hiyo: kwenye vitundu, kwenye vijirija au kwenye mrija mkuu. Mahali palipoziba ndipo panapoamua aina ya matibabu.

Sababu

Dawa za tibakemikali

Dawa nyingi za saratani hushambulia seli zinazogawanyika haraka. Ngozi laini inayofunika uso wa jicho na kuta za ndani za mirija ya machozi ina seli za aina hiyo. Aidha baadhi ya dawa hutolewa mwilini kupitia machozi yenyewe, hivyo mirija hulowa dawa kwa saa nyingi. Kuta zake huvimba, kisha hupata makovu na kushikana.

Dawa inayojulikana zaidi kwa madhara haya ni dositakseli, ambayo hutumika kutibu saratani ya matiti, ya mapafu, ya tezi dume na nyinginezo. Mwaka 2001 daktari wa macho Bita Esmaeli na wenzake wa Kituo cha Saratani cha MD Anderson, huko Houston nchini Marekani, waliandika kuhusu wagonjwa ambao vijirija vyao vilikuwa vimeziba baada ya kupewa dawa hiyo. Baadaye ilithibitika kwamba hatari ni kubwa zaidi kwa wanaopewa dositakseli kila wiki kuliko kwa wanaopewa kila baada ya wiki tatu, na huongezeka kadiri jumla ya dozi inavyoongezeka.

Dawa ya pili ni fluorourasili, ambayo hospitalini huitwa mara nyingi kwa kifupi 5-FU. Hutumika kwa saratani ya utumbo mpana, ya tumbo, ya umio, ya kichwa na shingo na nyinginezo. Husababisha macho kuwasha, kope kuvimba na machozi kutiririka. Kwa baadhi ya wagonjwa hali hiyo hupoa dawa inapoachwa. Kwa wengine hubaki makovu kwenye vitundu na vijirija. Dawa za vidonge zinazogeuka kuwa fluorourasili mwilini zinaweza kuleta tatizo hilohilo.

Dawa nyingine huumiza uso wa jicho zaidi kuliko mirija:
* sitarabini kwa dozi kubwa, inayotumika kwa saratani za damu, huweza kuleta uvimbe mkali wa konea na ngozi ya jicho; kwa hiyo kwa kawaida wagonjwa hupewa matone ya kinga wakati wa tiba;
* methotreksati huweza kuleta mwasho na wekundu;
* imatinibu huweza kuleta uvimbe kuzunguka macho na machozi mengi;
* dawa za homoni za saratani ya matiti huweza kukausha macho.

Tibakemikali pia hudondosha nywele za kope. Bila nywele hizo vumbi, jasho na upepo hufika jichoni kwa urahisi zaidi.

Mionzi

Mionzi inayoelekezwa kwenye uso, pua, koo la juu au tundu la jicho huweza kuunguza tezi za machozi na mirija. Tezi zikiharibika jicho hukauka. Mirija ikiharibika machozi hayapiti. Madhara hayo huweza kuonekana miezi au hata miaka baada ya tiba kwisha. Watoto waliotibiwa kwa mionzi kutokana na retinoblastoma, yaani saratani ya retina, wako katika kundi hilo.

Iodini yenye mnururisho, inayotumika kutibu saratani ya tezi ya shingo, ni mfano wa pekee. Seli za tezi hiyo huvuta iodini kwa kutumia protini maalumu. Protini hiyohiyo imeonekana pia kwenye kuta za kifuko na mrija mkuu wa machozi, na hilo ndilo linalodhaniwa kuwa sababu ya mrija kuziba kwa baadhi ya wagonjwa waliopewa dozi kubwa.

Upasuaji na saratani yenyewe

Upasuaji wa pua, wa mashimo ya uso au wa kope unaweza kukata au kubana njia ya machozi. Aidha uvimbe mpya unaweza kuibana kwa nje. Kwa hiyo daktari hachukulii moja kwa moja kwamba machozi ya mtu aliyewahi kuwa na saratani yanatokana na dawa. Machozi yenye damu, au uvimbe mgumu kwenye kona ya ndani ya jicho, huhitaji kuchunguzwa haraka.

Matone ya fluorourasili jichoni

Katika Afrika Mashariki saratani ya ngozi ya jicho huonekana mara nyingi kuliko katika sehemu nyingi za dunia. Miale ya jua na maambukizi ya VVU ni miongoni mwa sababu zake. Utafiti uliofanyika nchini Kenya na kuongozwa na daktari wa macho Stephen Gichuhi, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2016, ulionyesha kwamba matone ya fluorourasili yakitumika kwa wiki nne baada ya upasuaji hupunguza kurudi kwa ugonjwa. Ndani ya mwaka mmoja ulirudi kwa asilimia 11 ya waliotumia dawa, ikilinganishwa na asilimia 36 ya wasioitumia. Wagonjwa walipata machozi na mwasho wakati wa kutumia matone hayo. Mfano huo unaonyesha sura mbili za dawa moja: huokoa jicho na huliudhi.

Dalili

Dalili huanza taratibu, aghalabu wiki au miezi michache baada ya kuanza tibakemikali. Za kawaida ni hizi:
* machozi kujaa na kumwagika shavuni, hasa penye upepo, baridi au moshi;
* kuona kama kupitia maji, kisha kuona vizuri baada ya kufuta;
* macho kuwasha, kuchoma au kuhisi kama yana mchanga;
* tongo nyingi asubuhi na kope kugandana;
* ngozi ya chini ya jicho kuwa nyekundu na kuchubuka kwa kufutwa mara kwa mara;
* uvimbe au maumivu kwenye kona ya ndani karibu na pua.

Jambo linalowachanganya wengi ni kwamba jicho kavu nalo hutoa machozi mengi. Uso wa jicho ukikauka na kuumia, tezi hupata taarifa na kumwaga maji kwa ghafla. Machozi hayo hayana mafuta ya kutosha, hivyo humwagika bila kulainisha jicho. Mgonjwa mmoja anaweza kuwa na matatizo yote mawili kwa pamoja: jicho kavu na mirija iliyoziba. Tofauti hiyo ni muhimu kwa sababu baadhi ya tiba za jicho kavu, kama kuziba vitundu kwa makusudi ili machozi yabaki jichoni, humdhuru mtu ambaye mirija yake tayari imeziba.

Magonjwa mengine yanayofanana

Macho mekundu yenye machozi yana sababu nyingi. Uambukizo wa virusi huenea haraka kutoka mtu hadi mtu. Mlipuko wa namna hiyo ulitangazwa na Wizara ya Afya ya Tanzania mwezi Januari 2024. Kwa kawaida huanza ghafla, huwapata watu kadhaa wa nyumba moja na hupona ndani ya wiki mbili hivi. Trakoma, inayosababishwa na bakteria, huweza kuikunja kope ndani hadi nywele zake zikakwaruza jicho. Mzio huwasha sana na hurudi kwa vipindi. Kwa wazee kope ya chini huweza kulegea na kugeuka nje, na kitundu cha machozi kikaachana na jicho.

Machozi ya mgonjwa wa saratani yanayoendelea zaidi ya wiki mbili, bila mtu mwingine nyumbani kuugua, hayafai kuchukuliwa kuwa ni uambukizo wa kupita.

Utambuzi

Vipimo vingi vya mwanzo havihitaji mashine kubwa. Mhudumu huuliza majina ya dawa alizopewa mgonjwa, tarehe na idadi ya dozi. Kisha hukagua kope, vitundu na konea kwa mwanga.

Kipimo cha rangi hufanyika kwa kudondosha rangi ya manjano, iitwayo fluoreseini, katika macho yote mawili. Baada ya dakika tano rangi inapaswa kuwa imepungua sana. Ikibaki jichoni, njia imeziba au imekuwa nyembamba. Rangi hiyo huonyesha pia michubuko ya konea.

Ukavu hupimwa kwa ukanda wa karatasi uliokunjwa kwenye kope ya chini kwa dakika tano, njia iliyobuniwa na daktari Mjerumani Otto Schirmer mwaka 1903. Karatasi ikilowa chini ya milimita 5, machozi ni machache mno.

Kipimo kinachotoa jibu zaidi ni kusafisha njia kwa maji ya chumvi. Daktari hutia ganzi, huingiza sindano butu kwenye kitundu na kusukuma maji. Mgonjwa akihisi chumvi kooni, njia iko wazi. Maji yakirudi jichoni, mahali na kiasi cha kuziba hukadiriwa kutokana na namna yanavyorudi.

Matibabu

Wakati wa tibakemikali

Hatua ya kwanza ni kumwambia daktari wa saratani. Mara nyingi dawa haiachwi, kwa kuwa faida yake kwa maisha ya mgonjwa ni kubwa kuliko adha ya macho. Hata hivyo daktari anaweza kubadili ratiba, kupunguza dozi au kutumia dawa nyingine. Mgonjwa anayeacha kuhudhuria tiba kwa sababu ya macho, bila kusema, hujiweka katika hatari kubwa zaidi ya ile anayoikimbia.

Daktari wa macho anaweza kutoa matone yenye steroidi kwa muda mfupi ili kupunguza uvimbe wa mirija, pamoja na kuisafisha njia mara kwa mara wakati tiba inaendelea. Vijirija vikianza kuwa vyembamba, anaweza kupitisha kijibomba laini cha silikoni ndani yake ili kuta zisishikane. Kijibomba hicho hakionekani kwa urahisi, hukaa kwa miezi kadhaa, na hutolewa baada ya tibakemikali kwisha. Kazi hiyo ni ndogo, lakini hufaa tu iwapo njia bado haijafungika.

Baada ya njia kufungika

Mrija mkuu ukiziba huku vijirija vikiwa salama, hufanyika upasuaji wa kufungua mlango mpya kati ya kifuko cha machozi na pua. Upasuaji huo ulielezwa na daktari Mwitalia Addeo Toti mwaka 1904. Huweza kufanywa kupitia ngozi ya kando ya pua au kupitia ndani ya pua kwa kamera ndogo.

Vijirija vyenyewe vikifungika kabisa, upasuaji huo peke yake hautoshi. Huwekwa kibomba cha kioo kutoka kona ya jicho hadi puani. Kibomba hicho huhitaji kusafishwa na kuangaliwa maisha yote, na huweza kuziba au kuhama. Hapo ndipo ucheleweshaji unapokuwa na gharama: kitu kilichoweza kuzuiwa kwa kijibomba cha muda huishia kuwa kifaa cha kudumu.

Uambukizo

Machozi yasiyotembea huota bakteria. Kifuko kikiambukizwa huvimba na kuuma, na usaha huweza kutoka kikibonyezwa. Hali hiyo hutibiwa kwa antibayotiki za kumeza au sindano. Matone peke yake hayatoshi. Kwa mtu aliye katika tibakemikali kinga ya mwili huwa imeshuka, hivyo uvimbe huo ukiambatana na homa ya nyuzi 38 au zaidi ni dharura.

Kuishi na hali hii

Wagonjwa wengi hupata nafuu kwa mambo madogo yanayofanywa kila siku.

Kitambaa safi kilicholowekwa katika maji ya uvuguvugu yaliyochemshwa, kikiwekwa juu ya kope zilizofumbwa kwa dakika 5 hadi 10, hulainisha mafuta ya tezi na kupunguza mwasho. Baada ya hapo ukingo wa kope husafishwa taratibu. Joto la kitambaa lipimwe kwanza kwa upande wa ndani wa kifundo cha mkono, kwa sababu baadhi ya dawa za saratani hupunguza hisia za vidole.

Machozi bandia husaidia jicho kavu na huosha dawa iliyobaki jichoni. Anayeyatumia zaidi ya mara nne kwa siku hushauriwa kutumia yale yasiyo na kihifadhi, kwa kuwa vihifadhi huweza kuumiza uso wa jicho. Tone moja linatosha. Baada ya kulitia, mtu hufumba jicho na kubana kona ya ndani kwa kidole kwa dakika moja au mbili. Matone ya dawa mbili tofauti huachana kwa dakika tano. Chupa yenye kihifadhi iliyofunguliwa kwa kawaida hutupwa baada ya wiki nne, na haitumiwi na watu wawili.

Machozi hufutwa kwa kugusa, si kwa kusugua. Kuvuta kope ya chini kuelekea nje kila mara huilegeza na kuongeza tatizo. Kitambaa kiwe safi na kibadilishwe. Upindo wa kanga au ncha ya mtandio inayotumika kufutia jasho na vumbi hurudisha uchafu jichoni. Anayevaa nikabu hushauriwa kubadili kitambaa kinapolowa. Mafuta mepesi ya mgando yakipakwa chini ya jicho hulinda ngozi isichubuke.

Miwani ya jua hupunguza upepo na mwanga. Lenzi za kugusa jicho haziruhusiwi bila idhini ya daktari. Wanja huachwa mpaka macho yatulie, kwa sababu unga wake hukwaruza na baadhi ya aina zimegunduliwa kuwa na madini ya risasi.

Kwa Waislamu swali la saumu hujitokeza kila Ramadhani. Baraza la Kimataifa la Fikihi ya Kiislamu, lililokutana Jeddah mwaka 1997, liliyataja matone ya macho miongoni mwa mambo yasiyofunguza, iwapo mtu hamezi kile kinachofika kooni. Kubana kona ya ndani ya jicho baada ya kutia tone hupunguza kiasi kinachofika huko. Mgonjwa aliye katika tibakemikali ana ruhusa ya kutofunga kwa sababu ya ugonjwa wenyewe.

Upande wa hisia nao ni mzito. Mtu anayetokwa na machozi hadharani huonekana analia. Jamaa humpa pole na kumwuliza kilichomsibu. Wengine hudhani amekata tamaa. Baadhi ya wagonjwa huacha kwenda harusini, msikitini au sokoni ili kuepuka maswali. Familia ikielewa kwamba ni mirija iliyoziba, mzigo huo hupungua.

Kisiwani Pemba

Pemba ni kisiwa cha Zanzibar chenye wakazi zaidi ya 500,000, katika wilaya za Micheweni, Wete, Chake Chake na Mkoani. Masuala ya afya si ya Muungano, hivyo hospitali za kisiwani ziko chini ya Wizara ya Afya ya Zanzibar. Miongoni mwake ni hospitali za Chake Chake na Wete, na Hospitali ya Abdalla Mzee iliyopo Mkoani, ambayo majengo yake mapya yalifunguliwa mwaka 2016 kwa msaada wa China.

Matibabu ya saratani humtoa mgonjwa kisiwani. Hospitali ya Mnazi Mmoja mjini Unguja ndiyo hospitali kuu ya rufaa ya Zanzibar. Kwa mionzi, kwa miaka mingi wagonjwa wamekuwa wakipelekwa Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam, ambayo ilianza kujitegemea mwaka 1996 katika eneo la hospitali iliyojengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19. Madaktari bingwa wa macho wanapatikana bara, kwa mfano katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam na KCMC mjini Moshi.

Mgonjwa wa Pemba kwa hiyo huweza kuwa na daktari wa saratani katika mji mmoja na wa macho katika mwingine, na kati yake na wote wawili kuna bahari. Madhara ya macho huanza wakati yuko nyumbani kati ya dozi mbili, naye huyataja anaporudi au hayataji kabisa. Mambo matatu hupunguza pengo hilo. La kwanza ni kubeba karatasi yenye majina ya dawa, dozi na tarehe, ili mhudumu wa kituo cha karibu ajue anachokiona. La pili ni kuuliza kabla ya dozi ya kwanza iwapo dawa husika huathiri macho. La tatu ni kufanya miadi ya macho iangukie safari ileile ya tibakemikali, ili nauli ya boti na gharama za kulala ugenini zisilipwe mara mbili.

Mazingira ya kisiwa yana vichokozi vyake. Moshi wa kuni katika jiko lisilo na hewa ya kutosha huumiza macho yaliyokwisha kudhoofika. Kupikia nje au kumwachia mwingine kazi ya moto husaidia. Moshi wa udi nao huchoma. Pemba ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar, na wakati wa mavuno vumbi huruka pale karafuu zinapochambuliwa na kuanuliwa juani. Wanawake wanaolima mwani hufanya kazi maji yakitoka, wakiwa kwenye jua kali na mng'ao wa maji, na matone ya chumvi huwarukia usoni. Kofia pana, miwani, na kunawa uso kwa maji safi baada ya kazi ni kinga rahisi. Upepo wa kaskazi na wa kusi huzidisha machozi, hasa kwa anayesafiri juu ya sitaha ya boti.

Tiba za nyumbani

Mwambao mzima watu hutia macho vitu mbalimbali: maziwa ya mama, asali, maji ya majani, mafuta ya habasoda. Kwa mtu ambaye uso wa jicho umechubuliwa na dawa na kinga yake imeshuka, kitu kisicho safi huweza kuleta kidonda cha konea na upofu ndani ya siku chache. Maji ya uvuguvugu yaliyochemshwa kwa ajili ya kukanda nje ya kope hayana hatari hiyo.

Hatari nyingine hutoka dukani. Matone yenye steroidi hununuliwa bila cheti kwa sababu hufanya wekundu utoweke haraka. Yakitumika bila uangalizi huweza kukuza uambukizo wa fangasi au virusi, kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Dawa inayoweza kuokoa mirija mikononi mwa daktari ndiyo hiyohiyo inayoweza kuharibu jicho ikitumika kiholela.

Dalili za hatari

Mgonjwa huhitaji kuonwa siku hiyohiyo akipata moja ya haya:
* maumivu makali ya jicho au kushindwa kuvumilia mwanga;
* kupungua kwa uwezo wa kuona kusikoondoka baada ya kufuta machozi;
* doa jeupe kwenye sehemu nyeusi ya jicho;
* uvimbe mwekundu wenye maumivu kando ya pua, au usaha;
* homa ya nyuzi 38 au zaidi wakati wa tibakemikali;
* machozi yenye damu.

Matarajio

Machozi yanayotokana na mwasho wa uso wa jicho mara nyingi hupungua ndani ya wiki au miezi baada ya dawa kusimamishwa. Makovu ndani ya mirija hayaondoki yenyewe, lakini mirija iliyopungua upana bila kufungika hutibika kwa wengi. Ukavu uliosababishwa na mionzi kwa kawaida hudumu, na hudhibitiwa kwa machozi bandia na uangalizi wa muda mrefu.

Tazama pia
* Jicho
* Machozi
* Saratani ya matiti
* Tibakemikali
* Trakoma
* Pemba